Kabuti la Shilingi Mia

Magunia yaliletwa kwetu kwa sababu stoo ya kanisa ilikuwa imeingiwa na panya. Hivyo ndivyo kikao kilivyosema, nami nikiwa mhazini nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: magunia 6 yahifadhiwe kwa Mwalimu kwa muda. Muda huo ulianza mwezi wa tano, na mwezi wa nane ulikuwa bado haujaisha. Sebule yetu hapa Muthetheni si uwanja. Ukishapanga makochi, meza, kabati la vyombo na televisheni iliyovikwa kitambaa cha kufuma, nafasi inayobaki ni ya mtu mmoja kupita, tena awe hajala. Tukawa tunakwenda chumbani kwa kuruka. Kuku mmoja mweupe alivumbua gunia la sweta za watoto akaanza kutagia humo, na mke wangu akakataa katakata afukuzwe, maana kwingine kote kuku huyo hutaga na kuyala mayai yake.

Mpango wenyewe ulikuwa wa heri. Waumini wa kanisa moja la Nairobi hukusanya nguo wasizozivaa tena, wakatuletea kwa lori. Sisi hatuzigawi bure. Tulilijadili jambo hilo jioni nzima tukakubaliana kwamba cha bure huleta kusukumana, na mama aliyegawiwa hurudi kwake akiwa ameinamisha kichwa. Basi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatandika meza chini ya mti: sweta ya mtoto 20, gauni 50, koti 100. Mtu anachagua, analipa, anakwenda zake kama mteja yeyote, na pesa zinanunua unga wa uji wa watoto wa chekechea. Tulijiona wavumbuzi. Kumbe Oxfam walikuwa na duka la sadaka la namna hiyo mjini Oxford tangu mwaka 1947, na leo Uingereza maduka hayo yako kila mtaa. Tofauti ni kwamba kule sehemu kubwa ya nguo zinazotolewa haziuziki dukani. Hupimwa kwa kilo, zikauziwa wafanyabiashara, wakazifunga mitumba ya kilo 45, zikapakiwa melini. Zikishuka Mombasa zinapanda hadi soko la Gikomba. Nairobi wakanunua, wakavaa, wakachoka, wakatuletea. Zilipofika sebuleni kwangu zilikuwa mtumba wa mtumba.

Binti yetu wa kwanza ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mwaitu, yaani mama, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ndivyo tulivyo Wakamba. Mama mzazi naye yupo, amepita miaka themanini na mitano, na watoto wote wa boma humwita susu. Nina mama wawili ndani ya ua mmoja na hakuna hata mmoja anayenisikia.

Mwaitu mdogo alirudi kutoka Nairobi mwezi wa kwanza, baada ya ofisi aliyofanyia kazi kufunga na kodi ya nyumba kukataa kufunga. Alikuja na sanduku moja, simu yenye kioo kilichopasuka, na lugha ya Gikomba. Akanifundisha. Mtumba ukifunguliwa, nguo ya kwanza kunyakuliwa, ile isiyo na doa wala kovu, inaitwa kamera. Ya mwisho kabisa, inayobaki chini ikikanyagwa, inaitwa fagia. Watu hudamka alfajiri na kulipia zaidi ili tu wawepo kamba zinapokatwa. "Baba," akaniambia, "ninyi mna kamera ndani ya hayo magunia, mnaiuza bei ya fagia."

Sikumjibu. Nilikuwa nikitafuta pini.

Kila Ijumaa jioni tulikuwa tunachambua, watatu. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani sokoni, anatenga zinazohitaji zipu au kifungo. Mimi nakata vipande vya karatasi ya mraba kutoka kwenye daftari la hesabu, naandika bei, napachika kwa pini. Moja yangu ina kofia na ina kiatu. Niliandika hivyo ubaoni miaka 34 na siwezi kuandika vinginevyo. Binti anakunja na kupanga. Zile alizozipenda alizilipia palepale, bei ileile niliyoandika, nami nikaingiza katika kitabu. Hakuiba hata kifungo. Nalisema hili mapema, kwa sababu baadaye lilisahaulika.

Asubuhi yake, kabla jua halijawa kali, alizifua, akazipiga pasi, akatundika shuka jeupe kwenye mwembe wetu ulio na tairi la bembea, akaning'iniza gauni mbele yake na kupiga picha. Chini yake aliandika maneno machache: sufu safi, haina kasoro, bei inboksi. Gauni la 50 likaenda kwa 1,800. Koti la ngozi nililoliandikia 100, la ngozi halisi, nami nikidhani ni plastiki, likaenda kwa 4,500 kwa bibi mmoja wa Kilimani, Nairobi. Pesa iliingia kwa M-Pesa pamoja na ya kutolea, kifurushi kikapewa makanga wa matatu ya asubuhi, na saa sita mchana bibi wa Kilimani alikuwa amevaa Muthetheni mwilini bila kujua.

Mhazini hakuuliza kitu. Mtungi wa gesi ukawa haukauki. Tangi la maji la lita 2,000 likasimama nyuma ya jiko. Dawa za presha za susu, ambazo zilikuwa na tabia ya kuisha tarehe 20, zikawa zinafika mwisho wa mwezi. Kutoa 100 kutoka 4,500 hakuhitaji ubao, lakini kuna hesabu ambazo mtu huziacha bila kuzikamilisha ili apate usingizi.

Tena mimi ndiye ninayewatukana madalali wa maembe kuliko mtu yeyote katika kata hii. Wanakuja msimu ukifika, wananipa shilingi tano kwa embe, kisha nakutana na embe hilohilo Nairobi likiwa limevishwa stika na kuitwa arobaini. Jirani zetu wa Wamunyu wana wimbo huohuo. Wanachonga tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu hapo twiga wa mbao huondoka kwa mchongaji na bei moja, akafika mbele ya mtalii na nyingine kabisa. Watu wa huku tunajua vizuri tunakaa upande gani wa meza. Sasa dalali alikuwa analala chumba cha pili na ananiandalia chai.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya Julai.

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, KAR. Alipigana Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria, na humo Wakamba walikuwa wengi. Alirudi nyumbani 1946 na kabuti la sufu la kijeshi, zito kama mbuzi, lenye vifungo vya shaba. Vita hakuvisimulia. Kabuti alilivaa hadi alipofariki 1991, na tangu siku hiyo likakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha susu, limefungwa ndani ya kanga. Wajukuu waliijua kanga tu. Mara moja kwa mwaka, baridi ya Julai ikianza kung'ata, susu hulitoa ili lipate hewa. Mwaka huu alilitandaza juu ya kochi, na kochi lilikuwa limezungukwa na magunia.

Stima ilipotea saa moja. Tukachambua kwa tochi ya simu. Miwani yangu ilikuwa juu ya televisheni, hatua tatu na magunia mawili kutoka nilipokaa. Nikavuta kitu kizito chenye harufu ya moshi, nikawaza ni la bawabu fulani wa Nairobi, nikaandika 100, nikapachika pini. Binti akalimulika. Akakigeuza kifungo kimoja kwenye mwanga, akakigeuza tena.

"Baba, una hakika hili ni mia?"

"Ni koti. Makoti ni mia."

Akalipa. Nikaingiza katika kitabu.

Jumatatu lilikuwa limekwisha kuondoka kwa 6,500. Jumanne susu akaanza kuuliza. Tuliipindua nyumba. Gunia la kuku likamwagwa na mayai manne yakapotea. Kijana anayetuchungia ng'ombe aliitwa akahojiwa mara mbili, mara ya pili na mimi, kwa sauti ambayo sijivunii. Jioni ya Jumatano binti alikuwa akipitisha picha zake kwa kidole, akasimama ghafla, akamwendea susu na kumshikisha simu. Susu akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kwenye mwembe wetu, mbele ya shuka jeupe, kabuti lilikuwa limetundikwa mabega wazi.

"Huyo aliyenyongwa ni nani?" akauliza.

Watanzania zamani waliziita nguo hizi kafa Ulaya, kwa dhana kwamba mwenyewe lazima amekufa ndipo aziachie. Hata Raila Odinga, katika kampeni za 2022, alipozitaja kuwa nguo zilizovaliwa na waliokwisha kufa, wenye vibanda walimjia juu hadi akalazimika kufafanua. Hapa aliyekufa alikuwa wetu, na nguo ndiyo iliyokuwa inasafiri kwenda kwa wenye nazo.

Mke wangu akauliza nani aliyelitoa kabuti kwenye kochi. Binti aliniangalia. Sikuuona uso wake vizuri, lakini niliona kwamba ulikuwa umegeukia upande wangu.

"Vitu vilichanganyika," nikasema.

Nimefundisha Kiswahili pia. Nilieleza darasa la saba, mwaka baada ya mwaka, kwamba kauli ya kutendeka humwondoa mtenda katika sentensi: kikombe kimevunjika, maji yamemwagika. Watoto waliipenda kauli hiyo kuliko nyingine zote, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kulirudisha kabuti ilikuwa safari ya simu ya siku nne. Kijana aliyelinunua hakuwa mvaaji. Naye ni mchuuzi. Alikuwa amekwisha kuliuza kwa 9,000 kwa mwenye duka la nguo za kale mjini, ambaye alikuwa amelivalisha sanamu dirishani kwa 14,000. Binti akampigia mwenye duka, na katika kumlainisha akamweleza kila kitu: babu, Burma, bonde la Kabaw, bibi mkongwe analia. Upande wa pili kukawa kimya kidogo. Kisha mtu yule akasema, kwa heshima kubwa, kwamba kama lina historia namna hiyo basi ni 15,000. Walivutana hadi 12,000. Binti akatoa akiba yake yote, nami nikauza mbuzi. Tukawa tumeinunua mali yetu wenyewe kwa bei mara 120 ya ile iliyoandikwa na mhazini.

Kabla halijafika, habari zilifika kanisani. Haikuwa habari ya kabuti. Ilikuwa sweta ya njano ya mtoto yenye picha za bata, iliyopigwa picha kwenye mti wenye tairi la bembea, ikauzwa 850. Mwenye kuiona aliutambua mti kabla ya kuitambua sweta. Mwembe wetu una umaarufu ambao haukuwa umeombwa.

Kikao kiliitwa baada ya ibada. Mwenyekiti wa kina mama alisema neno moja ambalo nililiandika lilivyo: meza ile haikutandikwa kwa ajili ya Kilimani. Binti akasimama akiwa na kopo la majani ya chai, akalimwaga mezani. Zikatoka karatasi za mraba, zote za mkono wangu. Alikuwa ameziweka kila moja. "Hizi ndizo bei mlizoandika, na hizi ndizo bei nilizolipa. Mwezi wa sita zaidi ya nusu ya unga wa uji ulinunuliwa na mimi." Wakaomba kitabu. Nikawasomea. Ilikuwa kweli. Akaendelea kusema kwamba koti la ngozi lingekaa mezani hadi jioni kwa sababu hakuna anayevaa ngozi kuchota maji, na kwamba yeye hulipa sabuni, zipu, bando, nauli ya kifurushi, na usingizi.

Mzee mmoja mstaafu wa serikali akaona nafasi yake. Akatukumbusha kwamba mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki waliazimia kuzimaliza nguo hizi ifikapo 2019, Marekani ikatishia, Kenya ikalegeza, Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu wa ushuru wa AGOA. Alitaka tuelewe kwamba Mnyarwanda ana msimamo. Mke wangu, ambaye si msemaji, akainuka. Alisema mwaka 2020 serikali ilipozuia mitumba kwa sababu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, aliipaka cherehani yake mafuta akingoja wateja. Walikuja watatu. Watu hawakushona, walivaa za mwaka uliopita. Yeye anaishi kwa kubana suruali za watu waliokufa Ulaya, na angeomba asipiganiwe tena. Akaketi.

Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa tayari nimekunja kitabu wakati mama mmoja wa nyuma, ambaye jina lake hujitokeza kwenye kitabu changu kwa 20 na 20 tu, aliposema bila kusimama: "Mimi hufika saa tatu, nikishatoka mtoni. Nikifika sweta nzuri hazipo. Nilidhani haziletwi."

Hakulalamika. Alikuwa akituarifu. Binti yangu alikuwa na jibu kwa kila mtu mle ndani, lakini kwa huyo alitazama viatu vyake. Nimelifikiria sana. Yule anayepima sadaka kwa kilo huko Uingereza hamjui mama huyu. Wa Gikomba hamjui. Hata mwenye duka wa 15,000 alikuwa akiisikia sauti tu. Binti yangu alimjua, na kipimo cha bega la mtoto wake alikijua, maana walikaa kiti kimoja Jumapili. Faida hainikeri hata sasa, na tangi la maji nimelinywa. Kinachonikeri ni kamba kukatwa Ijumaa usiku ndani ya sebule iliyofungwa mlango, na mimi nikiwa mshika tochi.

Halafu, nakiri, mawazo yangu yalihama, kwa sababu nilikuwa nikizihesabu karatasi mezani kwa macho. Nilitafuta ya kabuti. Ilikuwa na tundu kubwa la pini, ningeitambua. Haikuwepo.

Kikao kiliazimia mambo mawili na kuahirisha la tatu. Wachambuzi wasinunue kitu kabla ya saa sita ya Jumamosi. Magunia yarudi stoo, pamoja na panya. Na kama kanisa lenyewe liziuze zile kamera mtandaoni, unga uwe mwingi, hilo liliahirishwa, na hadi leo linaahirishwa kila mwezi na mimi mwenyewe ndiye ninayeandika.

Kabuti lilishuka kutoka kwenye matatu siku ya Alhamisi, ndani ya karatasi ya nailoni, likinukia kama hoteli. Binti alikwenda kulipokea stejini, akakaa nalo chumbani kwake kidogo, kisha akamletea susu uani. Susu alilinusa begani. Akalinusa kwapani. "Wamelifua," akasema, kama mtu anayetaja msiba. Moshi wote wa mzee, ugoro wote, miaka arobaini na mitano, vilikuwa vimeachwa kwenye mashine fulani ya Nairobi. Hata hivyo alilivaa juu ya kanga, mikono ikampita vidole, akaketi kwenye kigoda karibu na mwaitu mdogo, aliyekuwa akipepeta ndengu. Akaanza kuipekua mifuko, mmoja mmoja. Katika mfuko wa ndani akatoa kipande cha karatasi ya mraba kilichokunjwa, na pini yake.

Susu hasomi. Lakini kwa miaka sita nimekuwa nikimwandikia kwenye vipande kama hivyo vidonge vyake, 1 asubuhi, 1 usiku. Akakikunjua, akakitandaza kwenye goti, akakipitishia kidole kutoka kofia hadi kiatu.

"Mwalimu," akasema, "hii si moja yako?"

Ungo wa ndengu haukusita. Binti hakuinua kichwa.

Nikamwambia mama angoje kidogo niitafute miwani. Ilikuwa usoni.